Kura ya Ruta

Jumatano, 21 Agosti

Mvua. Jana ilikuwa kura ya mchujo. Bi Arlys hakuongoza, lakini leo bandarini wanamtazama kama mtu aliyetoka kaburini. Miaka miwili iliyopita Pruett alimwacha mbali, hata jina lake redioni walilitaja kwa haraka. Safari hii ameachwa kidogo tu, na wote wawili wanakwenda kwenye kura kuu ya Novemba, kugombea kiti cha wilaya yetu katika bunge la jimbo. Kilichobadilika ni sisi, Wasamoa wa nyumba za kiwanda cha samaki. Zamani tulikuwa tukipita mbele ya kituo cha kura kama tunavyopita mbele ya benki. Safari hii tuliingia.

Niliwapeleka mimi kujiandikisha, mwezi Julai, tukitoka zamu, tukinuka samaki. Kwenye karatasi palikuwa na swali kama wewe ni raia wa Marekani. Ruta, jirani yetu, akaniuliza, "Hapa natia nini, kaka Vili?" Nikamjibu, "Tia ndiyo, kwani wewe umetoka Uchina?" Tukacheka wote. Mama wa dirishani akatazama pasipoti zetu za bluu, akasema sawa, akapokea.

Leo Bi Arlys alikuja mpaka getini kiwandani na boksi la maandazi. "Vili, kuanzia sasa wewe ndiye meneja wa kampeni."

Nikamwambia mimi niliacha shule nikiwa mdogo nikaenda kukata jodari kiwandani Pago Pago, kwetu visiwani, sijui umeneja.

"Mimi nimeendesha basi la shule maisha yangu yote," akasema. "Katika wote walionisaidia kufunga minyororo ya matairi kwenye theluji, hakuna hata mmoja aliyekuwa na digrii."

Nyumbani Shangazi Fuatino alicheka mpaka akashika meza. "Meneja! Haya, meneja, katupe takataka."

Jumamosi, 24 Agosti

Nimesimamisha mabango kutwa. Yale ya karatasi ngumu hayakai hapa mjini Port Haskell, upepo unayapeleka baharini siku hiyo hiyo. Ninakata mbao, ninapaka rangi ya mashua, ninakaza kwa skrubu. Ya Pruett yanaanguka, yangu yamesimama. Hilo angalau ninalijua.

Kugonga milango ndiko kunakonitisha. Mbwa wa hapa hawabweki, wanakutazama kwanza. Mzee mmoja alitoka na bunduki mkononi, siyo kwa ubaya, alikuwa anaisafisha.

"Unauza nini?"

"Siuzi, mzee. Ninaomba kura."

"Afadhali ungekuwa unauza."

Lakini alikubali bango. Alisema Bi Arlys ndiye aliyemrudisha mjukuu wake nyumbani siku ya dhoruba.

Jumapili, 1 Septemba

Kanisa, chakula, usingizi.

Jumanne, 10 Septemba

Mvua. Samaki wa mwisho mwisho wa msimu, wekundu na wamechoka kama sisi. Vidole havikunjiki. Nikishika kalamu naishika kama nyundo.

Baada ya zamu nilipita na Bi Arlys kwenye nyumba za mlimani. Kwenye kila mlango anasema jambo moja: meli. Mji huu hauna barabara ya kutoka, jimbo liliondoa meli ya abiria ya majira ya baridi, na ukungu ukishuka ndege hazitui, kwa hiyo mtu akiugua anangoja kupelekwa hospitali. Mumewe Harald alingoja. Moyo wake ulikuwa unamsumbua, ukungu ukakaa, na walipokuja kumchukua walimchukua na shuka usoni. Bi Arlys halisemi hilo kwenye milango. Anasema "meli" tu, na watu wanatazama chini.

Ninampenda mama huyu. Naandika hivyo ili baadaye nikumbuke ninavyofikiri leo.

Ijumaa, 20 Septemba

Mtu wa Pruett, yule kijana wa kituo cha mafuta, alinikuta dukani nikinunua mchele. "Meneja! Mmetoa watu wengi kwenye zile nyumba zenu safari hii, eh? Hongera." Akatabasamu, akaendelea kunitazama mpaka nikalipa.

Sijui kwa nini nilisahau chenji kaunta. Alinipongeza tu.

Jumatano, 2 Oktoba

Gari jeupe la askari wa jimbo limeingia kwenye njia yetu mchana. Likaenda polepole likihesabu milango. Likasimama kwa Ruta.

Alhamisi, 3 Oktoba

Sikulala. Naandika yote.

Jana nilibaki dirishani mpaka askari alipotoka. Alikaa muda mrefu. Jina lake Lindell, ni mtu mpole, hufundisha watoto mpira wa kikapu. Alipotoka alishika kofia kumuaga Ruta kama mgeni aliyenyweshwa chai. Kisha gari likaondoka na Ruta akabaki mlangoni, mlango wazi, mvua inaingia ndani.

Nikaenda. Ruta alikuwa ameketi na pasipoti yake juu ya magoti. Watoto wanatazama katuni.

"Kaka Vili," akasema, "wewe umewahi kusoma ukurasa wa nyuma kabisa?"

Nikasema nani anasoma pasipoti.

"Soma."

Nikasoma. Nikasoma tena kwa kidole. Imeandikwa kwamba mwenye pasipoti hii ni mtu wa Marekani lakini si raia wa Marekani.

Nikamwambia, lazima wamekosea. Nikakimbia nyumbani nikachukua yangu. Ni hivyo hivyo. Ya Shangazi ni hivyo hivyo. Sisi tuliozaliwa kwenye visiwa vyetu tunabeba bendera yao, tunaapa kwa bendera yao shuleni, vijana wetu wanafia jeshi lao, lakini katika uraia hatumo mpaka tuombe na tuapishwe. Na asiye raia akipiga kura hapa ni mhalifu. Lindell alimwambia Ruta taratibu, kama daktari: kusema uongo kwenye karatasi ile ni jela, kupiga kura ni jela. Mtu amepeleka malalamiko, akataja majina machache, na jina la Ruta lilikuwa la kwanza kwa sababu anafanya kazi jikoni shuleni, kazi ya serikali.

"Akaniuliza ni nani aliyeniambia nitie ndiyo," Ruta akasema.

Nikauliza, "Ukamwambiaje?"

Aliwatazama watoto. Halafu akasema, "Nilimwambia hakuna. Nilimwambia nilitia mwenyewe."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema, hapana dada, rudi kamwambie ni mimi. Mimi nilisema, "Asante." Nikatoka na pasipoti yangu ndani ya shati.

Niliwaambia wengi watie ndiyo. Nilipiga kura mimi mwenyewe. Gari likirudi, litasimama wapi?

Ijumaa, 4 Oktoba

Tanielu, mume wa Ruta, ndiye mwendesha mashine ya kunyanyua makasha pale kiwandani. Ni mtu mkubwa, na kanisani ndiye anayeanzisha nyimbo. Kila asubuhi huniambia, "Umeamka, mdogo wangu?" Leo alinipita. Hakunisukuma, hakunitukana. Alinipita kama mtu anavyopita nguzo.

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimemwambia Bi Arlys. Nilimkuta jikoni kwake, meza imejaa vipeperushi. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Haiwezekani," akasema. "Mtoto wa Ioane wa nyumba zenu alirudi kutoka jeshini ndani ya jeneza na bendera juu yake. Nilikuwepo."

Nikamwonyesha ukurasa. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. Akainuka akasimama dirishani, ananipa mgongo. Nilingoja aseme neno juu ya Ruta.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi. Na nyumba ya Ruta."

"Waambie wako wote wasiguse kura ya Novemba. Hata mmoja. Umenisikia, Vili?"

"Nimesikia, Bi Arlys. Na Ruta? Niende nikamwambie Lindell kwamba ni mimi?"

Akarudi mezani akapanga vipeperushi. Saa ya ukutani pale kwake inapiga kelele, sikuwahi kuisikia kabla.

"Ukienda sasa," akasema, "Pruett ataishika habari hii redioni kila siku mpaka siku ya kura. Meli imekwisha. Ngoja kura ipite. Siku inayofuata nitakwenda nawe mimi mwenyewe. Mwezi mmoja tu, Vili. Ruta hatafungwa ndani ya mwezi."

Alisema kwa upole. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitoka pale na ruhusa ya kuogopa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua na upepo. Ninagonga milango ile ile niliyoigonga Julai, sasa ninaomba watu wasipige kura. Wengine walicheka, wakadhani ni mzaha wa kampeni. Malia, ninayefanya naye kazi kwenye mkanda wa samaki, alinifungia mlango usoni kisha akafungua tena kuniuliza kama naye atashikwa. Nikaenda mlango wa pili.

Mzee Ioane hakucheka. Nyuma yake ukutani ipo picha ya mwanawe na sare, na bendera iliyokunjwa pembetatu ndani ya sanduku la kioo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Mwanangu walimfunika bendera yao wakanipigia saluti. Leo unaniambia mkono wangu haufai kutia alama kwenye karatasi?"

"Sio mimi ninayesema, mzee. Sheria."

"Mwezi wa saba ulisimama hapo hapo. Ulisema ni haki yangu. Ilikuwa sheria gani ile?"

Nikasimama kama mtoto. Akasema, "Nenda, kijana. Unaingiza upepo."

Jumapili, 13 Oktoba

Jumapili Nyeupe, siku ya watoto. Nguo nyeupe, mashairi ya Biblia, wazee wanawapakulia watoto chakula. Mtoto wa Ruta, yule mdogo mwenye pengo, alisema aya yake yote bila kukwama. Ruta alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, na koti mwilini, kama mtu anayesubiri kuitwa nje. Kila gari likipita barabarani alikuwa akigeuka.

Na mimi niligeuka kila mara. Tulikuwa tukigeuka pamoja.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hakuna.

Alhamisi, 17 Oktoba

Lindell amerudi kwa Ruta. Shule imemsimamisha kazi. Malia ndiye aliyenieleza, kwenye mkanda, visu vinapiga. Anasema Lindell alimuuliza tena: nani alikuongoza? Kama kuna mtu alikuongoza, mambo yako yanabadilika. Ruta akasema hakuna.

"Ana kichwa kigumu yule," Malia akasema. "Ningekuwa mimi ningesema hata jina la mchungaji." Kisha akanitazama, na kisu chake kikasimama. Alikumbuka aliyempeleka.

Nilikwenda nikajificha kwenye chumba cha barafu mpaka msimamizi akaja kunitafuta.

Jumapili, 20 Oktoba

Upepo umeng'oa bati la kanisa. Mabango yangu yote yamesimama. Bi Arlys alinipigia simu kunisifu. "Tunakaribia, Vili. Mlimani wote wetu." Sauti yake ilikuwa ya furaha, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine, kama mtu anayeimba akipita makaburini. Hakutaja Ruta. Na mimi sikutaja.

Zamani nilikuwa nikisikia neno "meli" nikamwona Harald. Sasa nikilisikia namwona Ruta na koti lake.

Jumanne, 22 Oktoba

Nilijiambia nitakwenda leo. Sikwenda.

Jumatano, 23 Oktoba

Vile vile.

Jumamosi, 26 Oktoba

Theluji kidogo, inayeyuka ikigusa chini.

Shangazi amejua. Kina mama wanaochambua mayai ya samaki kiwandani wanajua kila kitu, na Malia hukaa nao mezani. Nilimkuta ameketi kitandani kwangu, mikono mapajani, taa imezimwa ingawa mchana una giza.

"Keti chini," akasema. Chini, siyo kwenye kiti.

Nikaketi.

"Ruta anaulizwa na askari jina lako na analimeza. Kweli au uongo?"

"Kweli, Shangazi."

"Kazi imeondoka. Kweli?"

"Kweli. Lakini Bi Arlys alisema tungoje kura..."

"Bi Arlys amezaliwa wapi? Nyumba yake iko kwenye njia hii? Mtoto wake anasoma aya mbele yetu?" Hakupaza sauti. Shangazi anapopaza sauti huwa anacheka, huwa hakuna hatari. "Ningekuwa na kaka zangu hapa, baba yako na wengine, wangekwenda wote. Nyumbani ungekuwa ukoo mzima. Hapa ukoo ni mimi na wewe. Basi tutakwenda mimi na wewe."

Nilijua anachosema kabla hajavuta sanduku chini ya kitanda. Ndani ya shuka, umekunjwa, ule mkeka wa heshima, mwororo kama kitambaa, uliosukwa na mama yake. Shangazi ameuweka kwa ajili ya maziko yake mwenyewe.

Naogopa kuandika. Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu niliona hilo mara moja. Ukoo uliokosea huja alfajiri, huketi mbele ya nyumba ya waliokosewa, vichwa vimefunikwa mkeka, wanangoja. Waliokosewa wakitoka na kuuondoa mkeka, imekwisha, mmesamehewa. Wasipotoka, mnaketi. Na wakitoka na panga, hamkimbii. Ndiyo maana ya kuketi pale.

"Shangazi, Tanielu ataniua."

"Basi utakuwa umefunikwa tayari."

Jumatatu, 28 Oktoba

Tumekwenda leo.

Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Shangazi alivaa nguo zake za kanisani, nyeupe, na chini yake suruali mbili za kiwandani. Tukapiga magoti kwenye kokoto mbele ya ngazi za Ruta. Akafunua mkeka, akatufunika wote wawili. Mvua ikaanza, ile yenye theluji ndani yake.

Chini ya mkeka hakuna unachokiona ila magoti yako na kipande cha ardhi. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyokaushwa juani, harufu ya nyumba ya bibi, katika baridi ile. Meno yangu yalikuwa yanagongana.

"Acha kutetemeka, unautikisa mkeka," Shangazi akanong'ona.

"Siwezi."

"Na mimi siwezi kupiga magoti, lakini nimepiga."

Mapazia ya majirani yalisogezwa, nilisikia vyuma vyake. Mtoto akauliza, "Wanafanya nini?" akanyamazishwa. Hata wale wa Ufilipino wa nyumba ya mwisho walizima redio. Kisha mlango wa Ruta ukafunguka.

Viatu vya mpira vya kiwandani, vikubwa. Tanielu. Vilishuka ngazi moja moja, vikasimama mbele yangu, karibu kiasi cha kuona utumbo wa samaki uliokauka kwenye ukingo wa soli. Nilikaza macho pale. Niliwaza: sasa. Nilisikia pumzi yake juu yetu. Shangazi alinishika kiganja, na kiganja chake hakikuwa na joto lolote.

Viatu vikageuka. Vikatupita. Vikaenda kazini.

Sijui ni muda gani tulikaa baada ya hapo. Maji yalikuwa yamepenya, mkeka ukawa mzito kama mtu aliyelala juu yetu. Gari lilipita barabarani, likapunguza mwendo, nikajua injini ile, ni ya Bi Arlys. Likasimama. Halikuzimwa. Halafu likaondoka.

Mlango ukafunguka tena. Ndala na soksi.

"Shangazi Fuatino," Ruta akasema, "simama, utaugua. Ingia ndani, chai iko jikoni."

"Siinuki mpaka huyu asamehewe," Shangazi akasema, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha.

Ruta akaingiza mkono chini ya mkeka, akamshika kwapa, akamtoa kama unavyomtoa mtoto majini. Mkeka akaurudisha juu yangu. Juu yangu peke yangu.

"Kaka Vili."

"Naam, dada."

"Mlango huu siyo."

Ndala zikasogea karibu.

"Hapa unaogopa Tanielu. Tanielu hanipeleki jela. Mimi nimekuficha, nikidhani utakuja kesho. Nikadhani kesho. Kila gari likipita nadhani ni wewe unakwenda kwa Lindell. Wewe umekuja kwangu na mkeka." Akapapasa mkeka. "Mzuri, umesukwa vizuri. Lakini mlango siyo huu. Kapige magoti kule wanakoulizia jina lako."

Akaingia. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa kwa ufunguo.

Nilitoka chini ya mkeka, nikaukunja vile vile ukiwa umelowa, nikauweka kwenye ngazi yake. Miguu ilikuwa haina damu. Nikampigia Bi Arlys simu nikamwambia nakwenda kwa Lindell sasa hivi. Akakata.

Nikaanza kutembea. Kituo cha askari kiko ng'ambo ya bandari, njia ndefu. Nilikuwa sijafika kwenye daraja gari lake likanikuta.

"Panda," akasema. "Na usinisemeshe."

Hakunitazama. Alikuwa amelia, uso umevimba, na bado alivaa ile kofia ya kampeni yenye jina lake. Mabango yetu yakawa yanapita dirishani moja baada ya jingine, yamesimama wima, ARLYS, ARLYS, ARLYS.

Karibu na kituo akasema, "Niliwaona. Nikaondoka. Nilifika mpaka nyumbani."

Nikasema, "Mimi nilikaa wiki nne nyumbani, Bi Arlys."

Lindell alitupa taulo kwanza. Halafu akaniuliza kama ninataka wakili, nikasema sijui. Akaniuliza ninataka kusema nini. Nikaomba maji, nikanywa. Kisha nikasema, "Afande, Ruta aliniuliza atie nini. Mimi ndiye niliyemwambia atie ndiyo. Na mimi nilitia. Na nilipiga kura."

Bi Arlys akasema, "Na ni kwa kampeni yangu. Na nilimzuia asije. Andika hilo pia."

Akaandika. Kalamu yake inakwaruza.

Jumatano, 30 Oktoba

Wamechukua pasipoti yangu. Nisitoke mjini. Kama kuna mahali pa kutokea.

Bi Arlys amesema yote kwenye mdahalo wa redio, kabla Pruett hajafungua kinywa. Kiwandani waliacha visu wakasikiliza. Alisema watu wale walifanya walichoambiwa na kila mmoja wetu kwamba ni haki yao. Alisema aliyejua akanyamaza ni yeye. Hakutaja meli hata mara moja.

Tanielu alikuwa amezima mashine yake. Alinitazama kutoka juu kule. Sikuweza kusoma uso.

Mkeka bado uko kwenye ngazi za Ruta. Umeganda.

Ijumaa, 1 Novemba

Ninakwenda dirishani, ninarudi. Kila sauti ya gari.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya kura. Theluji sasa ya kweli. Sisi wote tulikuwa kazini, nyumba zetu hazikutoa mtu. Nikitoka zamu nilimwona Bi Arlys peke yake mbele ya ukumbi wa mji, mbali na mlango kama sheria inavyotaka, anashikilia bango langu moja kwa mikono miwili.

Jumatano, 6 Novemba

Pruett. Kwa mbali sana, kama zamani.

Nilikwenda kumsaidia kung'oa mabango. Skrubu zimeshika kutu, tulipigana nazo. Alisema, "Ulizikaza mno, Vili." Tukacheka kidogo, halafu akaketi kwenye theluji kando ya barabara na mimi nikaketi karibu yake. Ukungu ulikuwa unashuka. Hakuna ndege iliyotua leo.

Ijumaa, 8 Novemba

Lindell aliniita. Amesema Ruta hatashtakiwa, atakuwa shahidi. Shule nayo imempigia simu arudi kazini. Waliobaki watapewa onyo. Mimi nitasomewa mashtaka Januari, na hawezi kuniahidi kitu. Nilimwomba arudie ile sehemu ya kwanza. Akairudia.

Nilirudi kwa miguu. Nilikuwa nikiogopa bado, na ninaogopa ninapoandika hapa. Jela za huku sizijui. Sijui Shangazi ataishi na nani. Nilipofika kwenye njia yetu niliinamisha kichwa kama ninavyofanya siku hizi, kupita kwa Ruta haraka.

Ngazi zilikuwa tupu. Theluji juu yake ilikuwa safi, na mahali pa mkeka palikuwa na alama ya pembe nne, nyeusi, imelowa.

Nilisimama. Nilidhani upepo. Halafu nikaona dirishani: viti vyote vya nyumba vimepangwa kuzunguka jiko, na mkeka umetandazwa juu yake, na Tanielu, mtu yule mkubwa, amepiga magoti sakafuni, anaukausha kwa taulo, kona baada ya kona, taratibu, asije akakata uzi. Shangazi ameketi pale pale na kikombe, anamwelekeza kwa kidole.

Ufunguo ukageuka. Ruta akafungua.

"Umesimama nini hapo?" akasema. "Ingia, unatuletea baridi."

Nikabaki kwenye ngazi ya kwanza. Tanielu akageuka akiwa bado chini, taulo mkononi.

"Umesikia, mdogo wangu," akasema. "Shika kona hii."